Mama anasema mifupa ya kale itaniondolea imani. Ni kweli?

"Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni, nasoma akiolojia. Nimelelewa kanisani, nimeimba kwaya tangu utotoni. Mwezi Juni darasa letu linakwenda Oldupai, lile korongo la mifupa ya kale, kwa mafunzo ya vitendo, na mama amekataa kuniombea safari. Anasema wote waliosoma mifupa ya kale wamemkana Mungu. Kiongozi wetu wa vijana naye anafundisha kwamba kipimo cha kaboni ni cha uongo, na kwamba dunia haina hata miaka elfu kumi. Nikisali najiona mnafiki, nikiingia darasani najiona msaliti. Naomba uniambie ukweli bila kunibembeleza: kusoma visukuku kutabadilisha imani yangu?"

Marahaba, mwanangu.

Ndiyo, kutaibadilisha. Umesema usibembelezwe, kwa hiyo naanza na hilo. Nimeshika visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, miaka ishirini na sita sasa, korongoni na maabara, na sijamwona mtu aliyedumu katika kazi hii akabaki anaamini vile vile alivyokuja. Wapo walioiacha imani kabisa, na baadhi yao ni watu waadilifu ninaowaheshimu sana. Wapo waliokuja hawana dini, wakaanza kujiuliza mambo ambayo hawakuwahi kujiuliza. Na wapo kama mimi, tunaoingia kanisani kila Jumapili lakini hatusali kama tulivyosali tukiwa na umri wako. Mama yako amekosea neno moja tu, hilo la "wote". Hofu yake nyingine ni ya mzazi anayejua anachokiogopa, na sitamcheka.

Tuanze na neno hilo. Mwaka 1666 wavuvi walinasa papa mkubwa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa daktari wa Kidenmaki aitwaye Niels Stensen, ambaye vitabu vingi humwita Steno. Alipokuwa akikipasua, aliyatazama meno yale akakumbuka vijiwe vya pembetatu vilivyokuwa vikiokotwa milimani, mbali kabisa na bahari. Watu waliviita ndimi za mawe. Wengine walisema vimeanguka kutoka angani, wengine walisema vinaota vyenyewe ndani ya mwamba. Steno akasema hapana, haya ni meno ya papa. Na kama ni meno ya papa, basi mwamba huu uliwahi kuwa matope chini ya maji. Mwaka 1669 akachapisha kanuni ambayo utaitumia siku yako ya kwanza kabisa Oldupai: tabaka la chini lilitangulia, la juu lilifuata. Mtu huyu aliyetufundisha kusoma miamba alipewa upadri mwaka 1675, miaka miwili baadaye akawa askofu, akaishi kwa ufukara akiwahudumia maskini, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe alidhani historia yote ya dunia inaenea ndani ya miaka elfu chache. Enzi zake hakukuwa na njia ya kuupima mwamba umri.

Walioanza kuona kwamba miaka elfu chache haitoshi nao hawakuwa maadui wa dini. Adam Sedgwick alikuwa kasisi wa Kianglikana na profesa wa jiolojia Cambridge. Alifundisha kwamba kokoto na udongo uliotapakaa juu ya mabonde ya Uingereza ni mabaki ya gharika ya Nuhu. Alipotembea zaidi na kuchunguza zaidi, aliona kokoto hizo hazikuwekwa kwa mkupuo mmoja. Basi mwaka 1831, alipokuwa akiachia uenyekiti wa Chama cha Jiolojia cha London, alisimama mbele ya wenzake akakiri kwamba alikosea. Hiyo ni miaka 28 kabla ya Darwin kutoa kitabu chake juu ya chimbuko la spishi. Sedgwick alibaki kasisi mpaka alipofariki, tena akampinga Darwin waziwazi. Nakutajia haya kwa sababu vijana wengi huambiwa kwamba umri mrefu wa dunia ulitungwa na watu waliotaka kumwondoa Mungu. Historia haiko hivyo. Makasisi wenyewe walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuusoma ule mwamba, na kilichowalazimisha ni uaminifu ule ule waliojifunza kanisani, kwamba usishuhudie uongo.

Sasa kaboni. Kiongozi wenu ana nia njema, lakini anapigana na mtu ambaye hayupo ulingoni. Hakuna anayepima kwa kaboni mifupa ya Zinjanthropus, au Zinj, yule zamadamu (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) aliyepatikana Oldupai. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo ikifika miaka kama elfu hamsini hakuna kilichobaki cha kupimika. Oldupai tunapima majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya mfupa. Ndani ya majivu hayo mna punje za madini zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukipoa na kuganda, gesi hunaswa ndani na kuanza kujikusanya. Fikiria bomba linalovuja na ndoo tupu chini yake: ukijua matone mangapi hudondoka kwa saa, kina cha maji kwenye ndoo kitakuambia ndoo iliwekwa lini. Mary Leakey alipata fuvu la Zinj tarehe 17 Julai 1959. Miaka miwili baadaye tabaka lake likapimwa kwa njia hii, likatoa umri wa miaka milioni 1.75, na wataalamu wengi wakashtuka kwa sababu walitarajia umri mdogo zaidi. Tangu hapo tabaka hilo limepimwa tena kwa mbinu nyingine, na linarudi karibu pale pale. Ndoo inaweza kutoboka, na hilo tunalijua, ndiyo maana hatutegemei ndoo moja.

Nimeeleza kwa urefu kidogo kwa sababu nataka ulijue hili kabla hujapanda basi: jambo la umri halina pa kukimbilia. Ukitaka imani ambayo msingi wake ni dunia changa, visukuku vitaibomoa, na sitakuficha. Lakini hebu jiulize ni lini hasa ulifundishwa kwamba Mungu na kalenda ni kitu kimoja. Kanisa Katoliki, kwa mfano, mwaka 1950 kupitia Papa Pius XII liliruhusu wataalamu wachunguze chimbuko la mwili wa binadamu, na mwaka 1996 Yohane Paulo II aliandika kwamba nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Zamani zaidi, Agustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa karne ya nne na ya tano, aliwaonya Wakristo wasiongee ovyo mambo ya mbingu na nchi wakidai ndiyo Maandiko yasemavyo, kwa sababu msikilizaji anayejua mambo hayo atacheka, kisha atakataa kuamini hata habari ya ufufuo.

Nikuambie yaliyonipata mimi.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri wa mtaa mmoja milimani, upande wa Karatu. Nyumbani kwetu Biblia ndiyo iliyofungua siku na kuifunga. Nilipokwenda kambini mara ya kwanza nilikuwa na umri kama wako, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana. Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku. Asubuhi tulishuka korongoni mapema, maana mvua ndiyo mchimbaji wetu mkuu, huosha udongo na kuacha mifupa wazi. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa fundi wa kambi aliokota vipande viwili vya rangi moja, kijivu, akaniwekea viganjani. Akasema: lamba. Nilidhani ananitania. Nikagusa cha kwanza kwa ulimi, kikawa baridi na laini, kikateleza. Nikagusa cha pili, kikanata ulimini. Mfupa una vitundu vidogo vinavyofyonza mate, hata ukishageuka jiwe. Ilikuwa taya ya swala, meno matatu yakiwa bado yamepangana, na moja lilikuwa limelika upande kama jino la mnyama aliyekula majani makavu miaka mingi.

Nikainua macho nikatazama ukuta wa korongo. Chini kabisa lava nyeusi, juu yake matabaka ya kijivu, juu tena udongo mwekundu, kisha vumbi la leo na mbuzi wanakula. Mfupa niliokuwa nao mkononi ulitoka karibu na chini. Ule ubishi wote niliokuja nao haukunisaidia kitu. Swala yule alitafuna, akanywa maji kwenye ziwa lililokuwa pale, akafa, na hakuna mtu aliyemwona. Usiku ule nilishindwa kusali. Kilichonizuia hasa ni aibu: nilikuwa nimezoea kumwambia Mungu mambo yangu kana kwamba yeye na mimi tumeanza juzi pamoja.

Niliacha kushiriki Meza ya Bwana kwa miezi saba. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia nichague, mifupa au Kristo, na maneno yake yaliniumiza kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Leo namwelewa, lakini sikubaliani naye. Mtu akikuambia uchague namna hiyo, anakupa mtihani ambao yeye mwenyewe hajaufanya.

Wapo walioufanya kwa moyo wote. Kurt Wise, Mmarekani, alipata shahada ya uzamivu Harvard chini ya Stephen Jay Gould, mmoja wa wanapaleontolojia mashuhuri wa karne iliyopita. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa kijana alichukua mkasi na Biblia, akakata kila aya aliyoona haiwezi kusimama kama mageuzi ni kweli. Alipomaliza, Biblia haikushikika bila kuchanika. Akaamua kubaki na Biblia na kukataa umri mrefu wa dunia, na hadi leo anashikilia hivyo. Sikubaliani na hitimisho lake, ila hakudanganya kwamba ushahidi haupo, na uaminifu wa namna hiyo nauheshimu. Ninachouliza ni mkasi. Nani alimwambia kwamba aya ya mshairi na aya ya mwanahistoria zikatwe kwa kipimo kimoja?

Mwingine ni Mary Schweitzer. Naye alianza akiamini dunia changa, akaingia darasa la visukuku la Jack Horner, mtaalamu wa dinosaria, kule Montana, Marekani, akitaka kusikiliza tu. Akabadilika kuhusu umri wa dunia, na ameeleza hadharani kwamba imani yake kwa Mungu ilizidi kukua. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitangaza kwamba ndani ya mfupa wa paja wa dinosaria aina ya Tyrannosaurus wa miaka milioni 68 walipata vitu laini, vinavyovutika, vinavyofanana na mishipa ya damu. Watu wa dunia changa wakaishangilia habari hiyo kama ushahidi wao, na yeye amelalamika kwamba walimtumia vibaya. Hapa nataka usikie vizuri: usigeuze mfupa kuwa wakili wa imani yako, wala usimruhusu mwingine augeuze kuwa mwendesha mashtaka. Mfupa hukuambia mnyama alikula nini, alitembeaje, alikufa akiwa na umri gani. Ukiulazimisha useme zaidi ya hapo, mwaka kesho atakuja mtu na mfupa mwingine.

Hayo yote, mwanangu, ndiyo sehemu nyepesi. Umri ni hesabu, na hesabu huzoeleka. Kilichonitikisa kweli, na ninachotaka ukijue mapema kwa sababu vitabu vya kiada havikitaji, ni kifo.

Ukifungua kabati za makumbusho utaona aina baada ya aina ya wanyama ambao hawapo tena. Kule Tendaguru, mkoa wa Lindi, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, nao mamia ya wapagazi wetu wakaibeba kichwani na mabegani hadi pwani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Walitawala nchi ile kwa muda ambao akili haiushiki, kisha wakatoweka. Na mifupa ya kale imejaa maumivu: miguu iliyovunjika, taya zenye usaha, mashimo ya meno ya chui kwenye fuvu la zamadamu mtoto. Nilifundishwa kwamba mauti yaliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Mbona basi nayakuta humu, kabla ya mtu yeyote?

Wapo wanateolojia wanaosoma Warumi mlango wa 5 kama habari ya mauti ya mwanadamu mbele za Mungu wake, si habari ya swala na chui. Zaburi ya 104 inasema wana-simba hunguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu, na mtunga zaburi hamwombi Mungu msamaha kwa niaba ya simba. Majibu hayo yamenisaidia kiasi. Hayakunimalizia swali, na nakuambia wazi kwamba swali hilo ninalo bado. Wenzangu walioacha imani, wengi wao waliiachia hapa, wala hakuna aliyeniambia ni kwa ajili ya agoni.

Ila kuna mifupa mingine iliyonishika mkono. Mwaka 1973, Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alipata masalia ya zamadamu wa kike aliyeishi takribani miaka milioni 1.7 iliyopita. Kwenye rejista ni namba 1808. Mifupa mirefu ya miguu na mikono yake imefunikwa na tabaka nene la mfupa mbaya, wenye vinundu, uliojijenga juu ya ule wa kawaida. Alikuwa mgonjwa. Wachunguzi wa kwanza walidhani alidhuriwa na vitamini A kwa kula maini ya wanyama wala nyama, wengine wamesema ni buba, na mjadala haujafungwa. Lakini mfupa ule haujengeki kwa siku mbili. Alan Walker, aliyeuchunguza, alisema jambo ambalo kila mwuguzi angelisema: mtu mwenye maumivu ya namna ile hawezi kujitafutia maji, wala hawezi kulala peke yake porini penye fisi. Kama aliishi wiki au miezi katika hali ile, basi kuna aliyemletea maji. Kuna aliyekaa naye usiku.

Niliwahi kuruhusiwa kuutazama kwa karibu mfano wake wa plasta. Nilipitisha kidole kwenye vile vinundu, nikamkumbuka bibi yangu na wanawake wa mtaani kwetu waliokuwa wakipokezana kumgeuza kitandani. Sidai kwamba mfupa huu unathibitisha kuwepo kwa Mungu, nimeshakukataza hilo. Nasema tu kwamba nilikuwa nikiamini huruma ilishuka duniani pamoja na amri iliyoandikwa, na sasa najua kwamba huenda mtu alimhurumia mwenzake kabla hapajakuwa na lugha ya kuiandika. Imani yangu ilihitaji kupanuka ili imkaribishe mama huyo. Ilikuwa finyu mno mwanzoni.

Na huyo Kamoya mwenyewe nakuomba umsome habari zake. Alikuwa Mkamba, na katika desturi za kwao kuchokoa mifupa ya wafu kulikuwa mwiko, jambo la wachawi. Alianza kazi na akina Leakey mwaka 1960 hata hivyo. Mwaka 1984, siku ya mapumziko, alikwenda kutembea kando ya korongo la Nariokotome akaona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto, na hicho kikaongoza kwenye kiunzi cha mvulana kilichokamilika kuliko vyote vya wakati wake, cha miaka milioni 1.5 hivi. Watu hudhani sisi Waafrika tulikumbana na swali hili kupitia Mwanzo mlango wa kwanza tu. Kamoya alilazimika kulijibu kwanza kwa mila za babu zake. Na Laetoli, si mbali na Oldupai, penye nyayo za kale za zamadamu, wakati wa kazi ya kuzihifadhi miaka ya 1990, loiboni, yaani kiongozi wa ibada wa Kimaasai, aliitwa akaendesha ibada pale pale na kondoo akachinjwa, ili watu wa eneo lile waziheshimu. Sijui mkutano wowote wa kisayansi uliofanya jambo la busara zaidi ya hilo.

Sikuandikii wewe peke yako, maana vijana Waislamu nao huniletea barua kama yako. Rafiki yangu wa kazini, mzaliwa wa Kilwa, hufungua kila msimu kwa aya ya 20 ya Surat Al-Ankabut, inayowaamuru watu watembee katika ardhi na kutazama jinsi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Hunikumbusha kila mara kwamba mwanachuoni Al-Biruni, miaka elfu moja iliyopita, aliona kome na makombe ya baharini ndani ya miamba akahitimisha kwamba jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari, na kwamba tabibu Ibn Sina aliandika jinsi wanyama na mimea wanavyogeuka mawe, karne sita kabla ya Steno wangu. Kuhusu Adamu, rafiki yangu ameliacha swali wazi, anasali, na anachimba. Tumeshirikiana hema moja miaka kumi na minne, naye huniamsha alfajiri bila kukusudia anapotia udhu.

Sasa mambo ya Juni. Usiingie korongoni kama unayeingia mahakamani. Kwa wiki tatu zile fanya kazi tu: pima, chora, chekecha udongo, andika daftari lako vizuri. Maswali yatakuja yenyewe jioni, yaandike kurasa za nyuma, usiyajibu hapo hapo. Usibishane na wenzako kwenye basi. Usiache kusali kwa sababu unajiona mnafiki. Mnafiki hujua anachokificha, na wewe huna unachokificha, umenieleza mimi nisiyekujua. Darasani nako hujasaliti kitu, ulikwenda kujifunza. Tafuta mchungaji mmoja anayeweza kukaa na swali lako bila kukimbilia kulifunga. Wapo, ingawa wengine itabidi uwatafute nje ya mtaa wenu. Na kiongozi wenu wa vijana mweleze habari ya majivu na agoni kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya kundi.

Kwa mama, usimwombe akubali mifupa. Mwombe akuombee safari, barabara ni ndefu na kona za kreta ya Ngorongoro ni kali, na hilo hakuna mzazi anayelikataa akiombwa vizuri. Ukirudi mpelekee kitu cha kuona. Mimi nilichelewa, nilimpeleka baba miaka kumi na moja baadaye, akiwa mzee anatembelea fimbo. Kwenye makumbusho ya Oldupai kuna nakala ya nyayo za Laetoli. Nilimsimulia jinsi zilivyopatikana: mwaka 1976 watafiti walikuwa wakirushiana mabonge makavu ya kinyesi cha tembo kama watoto, mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na mbele ya uso wake akaona alama za nyayo za wanyama, na miaka miwili baadaye zikapatikana za zamadamu. Nikamwonyesha zinavyoelekea kaskazini, mkubwa na mdogo kando yake, wamekanyaga majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Na pembeni, vile vitobo vidogo vya matone ya mvua, iliyoyalowesha majivu mpaka yakashika nyayo.

Baba alivua kiatu. Aliweka mguu wake kando ya unyayo ule, bila kuukanyaga, akatazama huku na huku, kisha akainama akaangalia vile vitobo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la Adamu.

"Hawa nao walilowa," akasema.

Nikamshika mkono avae kiatu chake.